Ninavyotoa nili, rangi ya bluu ya kutia nguo, kwenye majani ya mnili

Mimi hukata matawi asubuhi, mnili ukiwa umeshika vitumba vya maua lakini bado haujachanua. Yakishakatwa, majani hayangoji. Jani lililochubuka au kunyauka hugeuka bluu humohumo, na rangi iliyogeukia ndani ya jani haitoki tena kwa maji. Anayevuna leo akaloweka keshokutwa anapoteza sehemu kubwa.

Kwa kilo 1 ya majani mabichi natia lita 10 za maji, kisha nayakandamiza kwa jiwe yasielee. Saa pekee hazitoshi kukuongoza: maji yenye joto la nyuzi 30 yanaweza kumaliza kazi kwa saa 12 hivi, ya baridi yakavuka siku nzima. Tazama rangi na unuse. Maji yakiwa ya kijani-manjano yanayong'aa, juu yametanda utando wa rangi ya shaba, na harufu ni tamutamu, toa majani. Ukingoja mpaka yanuke uvundo, nili imeshaanza kuharibika.

Chuja, halafu tia chokaa iliyozimwa, gramu 2 hadi 3 kwa lita, ukiwa umeikoroga pembeni kwa maji kidogo. Vaa glavu na miwani. Chokaa machoni si mchezo. Nalenga pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10 hadi 11. Chokaa ikizidi huzama pamoja na nili, nawe unabaki na donge zito la kijivu ukidhani umevuna sana.

Sasa hewa. Mimina kutoka ndoo moja hadi nyingine, kwa kimo, dakika 20 au zaidi. Povu litakuwa bluu, kisha litafifia na kupungua. Wengi huacha hapa mapema kwa sababu mikono imechoka, na rangi inamwagwa pamoja na maji. Dondosha tone kwenye sahani nyeupe: chembe za bluu zikijitenga na maji ya hudhurungi, basi. Yakiwa bado ya kijani, endelea.

Acha usiku kucha yatulie. Vuta maji ya juu kwa mpira bila kutibua mashapo, ongeza maji safi, rudia. Siki kidogo kwenye maji ya kuoshea huyeyusha chokaa iliyobaki. Chujia kitambaa cha pamba kizito, maana chepesi hupitisha nili yote, kisha kausha kivulini. Kilo moja ya majani hutoa gramu chache tu. Sugua donge kavu kwa ukucha: nili nzuri hung'aa kama shaba.

Unga huo hauyeyuki katika maji matupu. Kwa kutia nguo rangi natumia sehemu 1 ya nili, 2 za chokaa na 3 za sukari ya matunda katika maji ya moto, nikingoja maji yawe manjano chini ya utando wa bluu. Majani yaliyolowekwa narudisha shambani. Ni mbolea nzuri.