Mvua ya Uluguru ndo bomba letu

Jamani sisi watu wa Dar maji yakikatika tunaangalia bomba, tunaangalia tenki, tunampigia mtu wa boza, basi. Mlimani haangalii mtu. Wakati maji mengi ya mji huu ni ya mto Ruvu, na Ruvu inaanzia Uluguru huko Morogoro, inateremka weee mpaka mitambo ya Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo ndo yanasafishwa yanasukumwa kuja kwetu. Na Bwawa la Kidunda, la kutunzia mvua ya masika, lilizungumzwa miaka na miaka kabla ujenzi haujaanza.

Mnakumbuka Oktoba 2022? Vuli ilichelewa, mto ukapungua, uzalishaji ukashuka toka lita milioni 466 kwa siku hadi kama 300, mgao ukaanza, wenye visima wakawa mabosi wa mtaa. Na visima vingi vya huku pwani ni chumvi, ukifulia sabuni haitoi povu, chai haina ladha ya chai.

Halafu mvua ikija inakuja yote kwa pamoja, Msimbazi unafurika, Jangwani hapapitiki, na Desemba 2011 watu walikufa kabisa. Mji uleule wenye kiu!

Ila kinachoniuma zaidi ni watu wa kule juu. Mama mdogo anaishi Matombo, tulikuwa tunaongea kwenye simu akaniuliza, "Nyie mnakunywa mvua yetu, sisi mnatuletea nini?" Nikakosa jibu. Maana tunamwambia usikate msitu, usilime karibu na mto, na yeye shamba lake liko kwenye mteremko mkali na watoto wanataka kula. Asipotengeneza matuta udongo unaporomoka, unakuwa tope mtoni, na tope hilo tunalisafisha huku kwa hela nyingi.

Kuna kipindi ulikuwepo mradi hukohuko Uluguru, wakulima wanalipwa ili wachimbe matuta na kupanda miti, na hela nyingine inatoka kwa watumiaji wakubwa wa maji wa huku chini. Mi natamani kitu kile kirudi na kiwe kikubwa, kikatwe kwenye bili zetu wote, hata shilingi mia mia kila nyumba kwa mwezi, na hela imfikie mwenye shamba la mteremkoni mwenyewe mkononi, isiishie kwenye semina na posho za mjini.