Namba Iliyozungushiwa Kalamu

Juzi kitindamimba wangu aliniona nikibonyeza pamba mkononi baada ya kutolewa damu, akaniuliza, "Baba, kama tezi yote ilishatolewa, wanapima nini tena?"

Nilimweleza kwamba PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kwamba ikionekana tena kwenye damu baada ya tezi kuondolewa, huenda kuna chembe za saratani zilizobaki mahali fulani. Sikumsimulia habari za siku ile ilipoonekana tena kwangu.

Miezi mingi baada ya upasuaji majibu yangu yalikuwa yakija chini ya 0.1, nami nikawa nayapokea bila wasiwasi. Siku hiyo daktari hakunikabidhi karatasi. Aliilaza mezani, akaizungushia kalamu ya bluu namba 0.23, kisha akaandika pembeni majibu ya nyuma, moja chini ya jingine, ili tuone yalivyokuwa yakipanda. Mke wangu alivaa miwani, akaisoma karatasi yote kuanzia jina langu na umri wangu hadi muhuri wa maabara, akitafuta, nadhani, kosa lolote litakaloifanya kuwa ya mtu mwingine.

"Daktari, mashine haiwezi kukosea?"

"Inaweza, mama. Ndiyo maana hatuamui kwa kipimo kimoja."

Akatueleza kwamba PSA ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, huhesabiwa kuwa saratani imerudi, hata kama picha hazioneshi kitu na mgonjwa hasikii maumivu. Mimi sikuwa nasikia lolote. Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda kwa miguu hadi kituo cha daladala, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi, kwamba mwili wangu haukuwa umeniambia neno.

Kipimo cha pili kilithibitisha. Nikapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi, ambayo hufaa zaidi PSA ikiwa bado chini, na namba ikashuka.

Nawafikiria wanaume wenzangu ambao kidonda kikishapona huacha kliniki, kwa kuwa mwili umetulia na nauli haipatikani kirahisi. Siwezi kuwalaumu. Kila majibu yanapokaribia usingizi hunipaa, na kama si mke wangu kuzitia alama tarehe kwenye kalenda ya ukutani, sijui kama ningekuwa nakwenda.