Herufi moja ya Kiholanzi

Jana jioni, darasani hapa Utrecht, mwalimu alinirudishia daftari likiwa na mstari mwekundu chini ya maneno «een grote huis», yaani «nyumba kubwa», na ndipo nilipoelewa kwamba nomino ya het (het na de ni kama «the» ya Kiingereza, na kila nomino ina chake), ikitanguliwa na een, yaani «a», huikataa ile -e ya kivumishi, ingawa huipokea bila ubishi baada ya het: een groot huis, lakini het grote huis. Sisi tuliokulia kwenye mti mkubwa na kiti kikubwa hatutishwi na upatanisho. Kinachonitoa jasho ni tahajia, kwa kuwa groot hupoteza o moja na kuwa grote, wit huongezewa t na kuwa witte, na lief hugeuka lieve. Neno houten, yaani «ya mbao», halibadiliki kamwe, nami nalishukuru.