Siku Moja Maishani Mwangu: Sonara wa Maua na Tanzanaiti, Arusha

Kabla ya saa moja asubuhi nilikuwa nimekwisha kumwagilia vyungu vilivyo dirishani mwa karakana. Ua ninalolitazama zaidi ni urujuani wa Usambara, ambao Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892. Leo hupandwa vyunguni duniani kote, ilhali kwao ni milimani kwetu. Lina petali tano, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini, na katikati vimesimama vichwa viwili vya njano vyenye chavua. Sonara asiyelichunguza atakata petali tano zinazolingana, na atakuwa ametengeneza ua lisiloota popote.

Kuanzia saa mbili hadi saa nne nilikata petali za hereni kutoka kwenye bati la fedha ya 925, yaani fedha safi sehemu 925 kati ya 1000, nikazisugua kwa tupa na kuzikunja kingo.

Saa nne na robo aliingia mama mmoja mwenye pete ya tanzanaiti iliyokuwa ikimbana kidole.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nipanulie hii, ila jiwe usilitoe.”

Nilimweleza kwamba kupanua pete ni kuikata, kuongeza kipande cha fedha na kukilehemu kwa moto, na kwamba tanzanaiti ikipata joto la ghafla hupasuka. Si jiwe gumu kama watu wanavyodhani: kwenye kipimo cha Mohs, ambapo almasi ina 10, lenyewe lina kati ya 6 na 7. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mkishalitoa mnarudisha kioo.”

Neno hilo huniuma kila nilisikiapo. Hata hivyo sikuweza kumwambia kuwa hofu yake haina msingi, kwa sababu vioo vya buluu vinavyouzwa kwa jina la tanzanaiti vipo, na aliyetapeliwa mara moja ana haki ya kuuliza. Nilimvutia kiti pembeni ya meza. Nililegeza vishikizo kimoja kimoja, nikaliweka jiwe kwenye mizani: karati 1.84, na karati moja ni gramu 0.2. Niliandika daftarini, naye akatia sahihi. Kisha nikampa lenzi aone ufa mwembamba ulio ndani ya jiwe, karibu na ukingo, nikauchora pembeni ya sahihi yake. Nikaligeuza jiwe chini ya taa: upande mmoja buluu, upande mwingine zambarau, jambo ambalo kioo hakifanyi. Tanzanaiti hii huchimbwa Mererani tu, na imejulikana tangu mwaka 1967, lakini wengi wetu tunaoishi jirani na machimbo hayo hatujawahi kuoneshwa namna ya kuitambua.

Alikaa hapo hapo. Nilipokata pete alishtuka. Nilipowasha moto aliuliza kama fedha yote haitayeyuka, nikamjibu kwamba fedha hii huyeyuka karibu nyuzi 890 na lehemu huyeyuka kabla yake, na kwamba kazi yangu ni kuuondoa moto katikati ya hayo mawili. Alipokea simu, akamsimulia mtu kila nilichofanya, huku mimi nikishindwa kupumua sawasawa juu ya kiungo kisichozidi upana wa punje ya mchele. Umeme ukakatika wakati wa kung'arisha, ikabidi nimalizie kwa msasa laini na kitambaa. Jiwe likapimwa tena mbele yake, uzito ule ule, ufa ule ule, likarudishwa mahali pake.

Ndipo akauliza bei, akasema fedha niliyoongeza haifiki hata gramu moja. Nilimjibu kwa heshima kwamba fedha hiyo simtozi. Namtoza mkono, macho na muda alioushuhudia mwenyewe. Alilipa yote.

Chakula sikukumbuka kukila mpaka alasiri. Mgongo ulikuwa umekaza na macho yalikataa kuona mstari wa msumeno, na kukata petali kwa macho yaliyochoka ni kuharibu bati. Nilifanya linalowezekana: kufua waya, kuchuja tindikali, kukusanya vumbi la fedha mezani, kwa maana nalo huyeyushwa upya.

Hereni ya pili imebakiza petali tatu za chini. Mwenye hereni hizo anasafiri kwenda Lushoto kesho mchana, kwa hiyo nitaanza nayo alfajiri, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa.