Mnyama mgonjwa anapowahiwa kisu

Kila ugonjwa mpya unapotangazwa mahali fulani duniani, vijana wa hapa kijijini huniuliza swali lile lile: "Afisa, ni virusi gani vya wanyama tuviogope zaidi?" Wanategemea nitaje Ebola. Au Marburg, hasa baada ya Kagera kupigwa mara mbili, 2023 kule Bukoba na 2025 kule Biharamulo. Nawajibu: homa ya Bonde la Ufa. Kisha nawauliza wao swali langu: mara ya mwisho nyumbani kwenu kondoo kuugua, nani alimchinja, na alimchinja lini?

Mimi ni afisa mifugo wa kata, mkoani Dodoma. Kazi yangu ni chanjo, ukaguzi wa nyama, josho, na kusikiliza wafugaji. Suala la virusi kuvuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu limenikaa moyoni tangu miezi ya mwanzo ya 2007, nikiwa mgeni kazini, homa hiyo ilipopita huku kwetu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kati ya Januari na Mei mwaka huo waliugua watu 264 nchini Tanzania, na 109 kati yao walifariki. Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko mikoa yote. Kenya nao walikuwa wamehesabu wagonjwa 684 na vifo 155.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa chombo cha mtandaoni kinachoitwa SpillOver. Walichukua virusi 887 vya wanyama na kuvipa alama kwa vigezo 31: vinavyohusu kirusi chenyewe, mnyama anayekibeba, na mazingira ambamo watu na wanyama hukutana. Lassa, inayobebwa na panya wa Afrika Magharibi, ilishika nafasi ya kwanza. Virusi vya UVIKO-19 vikafuata, kisha Ebola. Kazi ile naiheshimu sana. Maabara isiyo na pesa nyingi inahitaji kujua ianzie wapi. Lakini orodha ya dunia nzima haiwezi kuniambia ni wiki gani, kwenye zizi la nani. Hiyo tathmini lazima ifanyike huku chini, na kwa maoni yangu huku chini ndiko inakofanyika kidogo kuliko kote.

Homa ya Bonde la Ufa yenyewe ilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya, kwenye shamba la kondoo, 1930. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mbuga, yale mabonde yanayotuama maji ya mvua, na virusi hukaa ndani ya mayai hayo. Mbuga ikikauka, mayai yanabaki humo ardhini miaka kadhaa, mazima. Ikija mvua kubwa na maji yakatuama muda wa kutosha, mbu wanaanguliwa wakiwa tayari wana virusi. Wanauma mifugo. Kondoo mwenye mimba akiambukizwa, karibu kila mara mimba inatoka, na wanakondoo wachanga wanakufa zaidi ya 9 kati ya kila 10. Hapo mbu wa aina nyingine wanaingia na kuusambaza zaidi.

Mpaka hapo bado ni ugonjwa wa mifugo. Mbu anaweza kumwambukiza mtu moja kwa moja, ndiyo, ila watu wengi wanaoambukizwa huupata kwa mikono yao wenyewe.

Mfugaji anaona mbuzi amezubaa tangu alfajiri, hali kitu, pua inatoa kamasi, anasimama kwa tabu. Mbuzi huyo ni ada ya shule. Akifa mwenyewe anakuwa kibudu, haliwi, hauzwi. Kwa hiyo anawahiwa kisu. Baba anashika kichwa, kijana anabana miguu, mtoto anakinga bakuli. Damu inaruka usoni na kwenye vidole vilivyochubuliwa na miiba ya kujengea zizi. Wanachuna papo hapo juu ya matawi, mama anapokea utumbo na ini, anaosha kwa mikono mitupu. Saa ile ndiyo virusi vimejaa kwenye damu kuliko wakati wowote, na watu wanne watano wa nyumba moja wameigusa. Nimeliona hilo kwenye boma za watu waangalifu kabisa, wacha Mungu, wasiotaka chakula kiharibike. Siwezi kuwaita wajinga. Wanafanya hesabu ya hasara, na hesabu yao iko sawa kwa yale wanayoyajua.

Jambo la pili ni mimba zilizotupwa. Ng'ombe anahangaika, mwenye ng'ombe anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anavuta, kondo la nyuma anawatupia mbwa. Uchunguzi uliofanywa Kenya baada ya mlipuko ule ulikuta kwamba waliogusa vijusi vilivyotupwa, na walioshika au kula mazao ya wanyama wagonjwa, ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kuugua vibaya. Walio wengi hupata homa na maumivu ya viungo, wakaambiwa ni malaria, wakapona. Wachache wanapofuka, wachache wanavuja damu, na kati ya hao wanaovuja damu karibu nusu hufa.

Sasa fikiria mjini walivyoelewa. Mwaka ule wa 2007 watu wa Dar es Salaam waliacha nyama ya ng'ombe, wakakimbilia kuku na samaki. Nyama iliyopikwa ikaiva haina shida hiyo, maana moto unaua virusi. Aliyekuwa hatarini ni yule aliyechinja, aliyechuna, na aliyekunywa maziwa bila kuyachemsha. Woga ulikaa kwenye sahani, hatari ilikuwa machinjioni, kwa vijana wanaofanya kazi na kandambili na bila glovu. Mpaka leo hali hiyo inanikera kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Na si kwamba hakukuwa na onyo. Wanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa wanatazama joto la bahari na ukijani wa majani kwa setilaiti, na mwishoni mwa 2006 walionyesha maeneo ya Pembe ya Afrika yaliyo hatarini wiki 2 hadi 6 kabla wagonjwa hawajaanza kuonekana. Wiki mbili zinatosha kumwambia kila mfugaji asichinje mnyama mgonjwa. Kwa anayekaa mbugani, taarifa ile ilikuwa kama mvua inayonyesha juu ya bahari.

Tathmini yangu mimi inaanza na mvua, lakini haiishii hapo. Natazama maji yametuama siku ngapi. Natazama umri wa mifugo, na hili watu hulisahau: mnyama aliyeugua akapona ana kinga, ila waliozaliwa baadaye hawana. Miaka mingi ya utulivu inajaza mazizi wanyama ambao hawajawahi kukutana na ugonjwa, kwa hiyo utulivu wenyewe unaongeza hatari. Mvua za mwisho wa 2023 zilipojaza malambo nilikuwa napita boma kwa boma nikiuliza swali moja: nani mimba zimetoka? Boma moja si habari, mimba hutoka kwa sababu nyingi. Maboma matatu ndani ya wiki moja, kondoo na mbuzi na ng'ombe kwa pamoja, hapo napiga simu wilayani bila kusubiri kesho. Safari ile haikufika huko.

Kuna kigezo kingine: ukimya. Mfugaji anajua nikitoa taarifa, karantini inafuata na mnada unafungwa. Atakaa miezi bila kuuza hata mbuzi mmoja, na hakuna atakayemlipa. Basi ananyamaza, anawahi kuuza, na mnyama mgonjwa anapanda lori kwenda wilaya nyingine. Niliwahi kuambiwa na mzee mmoja, kwa heshima kabisa: "Mwanangu, wewe ukiandika, sisi tunalala njaa." Sikuwa na jibu la kumpa. Karantini isiyo na fidia inawafundisha watu kuficha, na sijui ni kwa nini jambo hili linajadiliwa kama la huruma tu wakati ni la kinga ya taifa.

Wapo pia wanaoniambia dawa ni kuua wanyama wanaobeba virusi. Uganda walijaribu kwenye mgodi wa Kitaka, baada ya wachimbaji kuugua Marburg 2007. Popo wa mgodini, wanaobeba virusi hivyo, wakaangamizwa. Waliporudi, popo walioambukizwa walikuwa wameongezeka kutoka 5.1% hadi 13.3%, na mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena Ibanda, si mbali na mgodi huo.

Binadamu bado hatuna chanjo ya homa hii iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Mifugo inayo, na ndiyo njia ya kumkinga mtu. Tatizo ni wakati. Ugonjwa ukishaingia, kupita zizi hadi zizi na sindano ni kuusambaza, kwa kuwa sindano ileile inatoka kwa mnyama mwenye virusi kwenda kwa mzima. Na chanjo hai ya zamani, ya Smithburn, yaani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza kutoa mimba ya kondoo. Inabidi tuchanje kiangazi, katika miaka mikavu, wakati hakuna mgonjwa hata mmoja na hakuna gazeti linaloandika. Ndiyo miaka ambayo bajeti ya chanjo hii hukatwa kwanza. Kwenye vikao vya mwaka huu nitaiomba tena, pamoja na katoni za glovu za machinjio, na nitakwenda na daftari langu la mimba zilizotupwa, kata nzima, msimu kwa msimu.