Jicho langu la kushoto lilivyonikosanisha na wake za watu Busia

Nabadilisha pesa hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa kumi na tano sasa. Mtaji wa kazi hii ni uso. Mteja akikushuku tu, anahamia meza ya jirani. Sasa piga picha ya mbadilisha pesa ambaye jicho lake la kushoto linakonyeza lenyewe. Namhesabia mama wa mitumba noti zake, jicho linapiga, mama anageuka kutazama ni mwizi gani ninayempa ishara. Mke wa dereva mmoja wa lori yeye alinikonyeza na mimi. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake.

Ushauri nilipewa hadi wa kugawia majirani. Kope la chini likicheza utalia, la juu utapata mgeni. Kula ndizi mbivu. Ng'oa gego. Shangazi aliniletea mtu wa kunichanja chale, nikabaki na makovu mawili na mkonyezo wangu uleule. Duka la dawa waliniuzia matone mara tatu, na jicho lenyewe halikuwa na kasoro yoyote! Kilichonisitiri mwaka mzima ni kugeuza kiti, mteja aone shavu la kulia tu. Halafu pembe ya mdomo nayo ikaanza kuvutwa kushoto.

Mpwa wangu muuguzi ndiye aliyetaja botoksi, sindano ya kulegeza misuli. Shemeji yangu akadakia hapo hapo: "Shemeji, mbona saluni ninayokwenda Kampala wanayo? Wameandika mlangoni kabisa." Saa kumi na moja alfajiri niko ndani ya taksi, karibu kilomita 200, moyo unadunda kwa sababu ya sindano. Saluni wakanikalisha, wakanifunga shuka shingoni, binti akanivua kofia. Kimya. Mimi nina kipara tangu nizae mtoto wa pili. "Mzee," akasema taratibu, "nywele ziko wapi?" Kumbe botoksi ya nywele ni mafuta ya kulainisha, jina tu wameazima, dawa yenyewe haimo hata tone. Saluni nzima ikaangua kicheko, na jicho langu, mwana haramu, likachagua wakati huo kumkonyeza mwenye saluni. Nikalipia kusingwa kichwa ili nisitoke bure.

Kwa daktari wa mishipa ya fahamu nilifika baadaye, tena nikiwa na ushahidi. Nilijua jicho litatulia kama mtoto mtundu mbele ya mwalimu, kwa hiyo mwanangu alinirekodi kwa simu nikihesabu noti, na mama watoto akanirekodi usiku nikiwa usingizini, nakonyeza gizani peke yangu. Video ya usiku ndiyo iliyomfurahisha daktari: mtu anayejikonyeza makusudi au kwa mazoea hawezi kufanya hivyo akilala. Akaagiza picha ya ubongo, kisha akanieleza kwamba mshipa wa damu unaugandamiza mshipa wa fahamu wa uso pale unapotokea kwenye ubongo.

Dawa yake ni botoksi, nayo ni sumu ya bakteria, ileile inayoua watu kupitia chakula cha kopo kilichoharibika. Kiasi kidogo mno kikidungwa, msuli hausikii tena amri ya kujikaza. Nilitaka kuondoka. Akaniambia Marekani waliiruhusu mwaka 1989 kwa makengeza, kope zinazojifunga na watu wa aina yangu. Mikunjo ya katikati ya nyusi ilisubiri hadi 2002. Basi sisi wa macho ndio wenyeji, warembo ni wageni wetu!

Kwenye benchi nilikaa na mzee aliyepooza, mkono umekunjwa ngumi, na mtoto anayetembea kwa ncha za vidole. Wote wanangoja dawa hiyohiyo. Kuna wanaodungwa kwa kipandauso sugu, kwapa zinazotiririka jasho, hata kibofu kisichotulia.

Sindano ni nyembamba, inauma kama siafu. Bei? Mama watoto anaweza kusoma hapa, kwa hiyo niseme tu ndama mzuri alipotea. Siku ya nne jicho likatulia. Siku ya kumi chai ikaanza kunichuruzika pembeni mwa mdomo, wiki mbili nzima nikanywa kwa mrija kama bibi harusi. Safari ya pili daktari alipunguza kipimo cha mdomoni. Ukitoka kudungwa usisugue uso. Na anayekuja na chupa mfukoni mkimbie, dawa hii kwa kawaida hukaa kwenye friji.

Baada ya miezi mitatu hivi inaisha nguvu. Juzi kope imeanza tena kidogokidogo. Kiti nimekigeuza, naweka akiba, na mke wa yule dereva bado anapita.