Umbali wa mnyama haukisiwi kwa macho
Wanafunzi wa utafiti wa wanyamapori, mkihesabu swala kwa kutembea mstari mnyoofu, kinachoharibu data mapema ni kukisia umbali. Macho hupenda namba zinazoishia na sifuri. Tumieni kipimo cha leza, kisha someni kwa dira pembe iliyopo kati ya mstari wenu na upande alipo mnyama. Mnyama akiwa mita 100 kutoka ulipo, pembe nyuzi 30, umbali wake kutoka mstarini ni mita 50, na hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye hesabu. Pimeni pale alipoonekana mara ya kwanza, kabla hajakimbia. Kundi hupimwa hadi katikati yake. Na tafadhali sana, msifuate barabara! Wako wanyama wanaoikwepa na wanaoifuata, kwa hiyo makadirio hupotoka. Lengeni kuona angalau makundi 60 hadi 80.